Mji Unaohesabu kwa Siku: Bei Halisi ya Kidogo Kidogo Dodoma

Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji wa tarehe za mshahara. Watumishi wakilipwa, Soko la Majengo linachangamka. Ikifika katikati ya mwezi mji unatulia, na mwenye duka anatoa daftari la madeni. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma Mjini, na ya 2022 ikakuta 765,179. Kati ya sensa hizo mbili lilitoka tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia, mji ukapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, ofisi zikajengwa Mtumba. Kila mtumishi aliyehamia alifuatwa na watu wa kumhudumia: dereva wa bajaji, fundi na saidia fundi, mamantilie, msusi, kijana wa kuosha magari. Wengi wa hao hawana tarehe ya mshahara. Pesa yao inaingia leo na inatakiwa leo.

Soko nalo limejipanga kuwafuata. Bodaboda analipa hesabu ya siku. Mamantilie analipa rejesho la siku. Bando ni la saa 24, umeme unanunuliwa wa elfu mbili, mafuta ya kupikia ni ya kupima. Hata mwanafunzi wa UDOM, ambaye bumu lake, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, huja kwa mafungu ya miezi, anahesabiwa kwa siku. Na mtumishi mwenye mshahara wa uhakika naye ameingia humo humo, kwa sababu simu inamruhusu kununua kila kitu kwa vipande na kukopa kabla mwezi haujaisha.

Wapo wanaowasema watu wa kipato cha siku kwamba hawajui kupanga. Sikubaliani nao. Mtu anayepata 15,000 jioni hawezi kununua gunia asubuhi. Lakini vitu vinavyouzwa kidogo kidogo havifanani: kimoja hakina hasara yoyote, kingine kinakula nusu ya jasho la mtu bila yeye kukiona. Bila hesabu huwezi kuvitofautisha. Bei nyingi nitakazotaja ni za mfano, kwa hiyo weka za mtaani kwako. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Nianze na vile visivyo na hasara, maana watu huvihangaikia bure. Umeme wa LUKU ukinunua mara moja kwa mwezi au kila jioni, bei ya uniti haiongezeki kwa kuwa umenunua kidogo. Kinachowachanganya watu ni kodi ya jengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi na hukatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Ukinunua umeme wa 2,000 tarehe mosi, utapata uniti za shilingi mia tano tu hivi na kudhani mita imeharibika. Kwenye nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja, ugomvi wa kila mwanzo wa mwezi unatoka hapo: anayenunua kwanza ndiye anayelipia kodi ya wote. Dawa ni kuichanga pembeni kabla mwezi haujaanza, au kukubaliana zamu na kuiandika.

Gesi nayo haina hasara kubwa. Chukua mtungi wa kilo 6 unaojazwa kwa 24,000: kilo moja ni 4,000. Wa kilo 15 ukijazwa kwa 57,000, kilo ni 3,800. Anayetumia mtungi mdogo anapoteza 1,200 kila anapojaza, na kwa mtu asiye na 57,000 kwa mkupuo hiyo si bei mbaya. Hasara yenyewe ipo kwenye uzito. Kwenye shingo ya mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukisoma kilo 7.2, mtungi uliojaa lazima usome 13.2 kwenye mizani. Ukipungua nusu kilo umeibiwa 2,000, zaidi ya ile tofauti ya bei uliyokuwa unaiwaza. Mwombe muuzaji apime mbele yako, na asiye na mizani mwache. Ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu usiwashe, funga na urudishe.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa ninavyoona jikoni za Dodoma, gesi imeshashinda kwenye chai, wali na mboga, ila mkaa bado unashikilia maharage na makande. Hapo maji yana kazi kubwa kuliko jiko. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi sana kuliko makavu, na asiyeloweka anaunguza gesi ya siku mbili kwa chakula kimoja, kisha anarudi kwenye mkaa akilalamika kwamba gesi haidumu.

Mafuta ya alizeti yanastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kwao. Yanakamuliwa Singida, Kibaigwa, Kongwa, na tunayanunua kwenye chupa zilizotumika au kwa kupima dukani. Mambo mawili yanawaumiza wanunuzi. La kwanza ni kilo na lita. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takribani gramu 920, hivyo dumu la lita 20 likijaa lina kilo 18 na kitu. Ukiuziwa "kilo 20" kwenye dumu la lita 20, hesabu haiwezekani. La pili ni jua. Alizeti huharibika haraka kwa mwanga na joto, na chupa zinazopangwa barabarani kutwa nzima huanza kunuka ukali hata kama zimekamuliwa juzi. Usinunue iliyo mstari wa mbele, ulizia dumu lililo ndani kivulini. Nyumba nne zikichanga dumu moja zinapata lita tano tano kwa bei ya jumla, na kila mmoja anayaweka kwenye chombo cheusi au kabatini. Kwenye nafaka angalia sado, lile kopo la kupimia. Ipindue uone kama chini imebonyezwa kwa ndani, kwa sababu kila sado ya mahindi itapungua kiasi hicho hicho mwaka mzima.

Hayo ni ya dukani na yanarekebishika. Mazito yako kwenye kazi.

Vijana wengi wa Nkuhungu, Chang'ombe au Kizota wanaingia kwenye bodaboda kwa mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, kijana analipa kila siku, mwisho wa muda chombo kinakuwa chake. Tufanye pikipiki inauzwa 2,800,000 taslimu, na mkataba ni 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Siku ni 312, jumla 3,744,000. Nyongeza ni 944,000. Ukiitazama hivyo ni kama theluthi ya bei. Lakini deni linapungua kila siku, kwa hiyo kwa wastani kijana amekaa na nusu tu ya fedha ya tajiri mwaka mzima. Pima nyongeza hiyo kwa nusu hiyo, utaona inakaribia asilimia 67. Bado watu wanakubali, kwa kuwa benki haimkopeshi asiye na dhamana, na tajiri naye anabeba hatari ya ajali na wizi. Sisemi mkataba ni mbaya. Nasema usainiwe kwa macho makavu.

Hesabu ya barabarani ni hii. Pikipiki ya cc 150 yenye abiria na kusimama kila mara hutembea kama kilomita 40 kwa lita. Kilomita 120 kwa siku ni lita tatu, na petroli ikiwa 3,000 hiyo ni 9,000. Oili ni lita moja kila kilomita 1,500 hivi, yaani kila baada ya siku 12 au 13. Tenga 1,000 kwa siku. Tairi, cheni na spoketi, breki, tenga 1,500. Kula kijiweni 4,000. Ongeza hesabu ya tajiri 12,000. Jumla 27,500 kabla hujabeba hata shilingi ya nyumbani. Kwa abiria wa 1,500, ni safari 18 na zaidi ndipo uanze kujifanyia kazi mwenyewe. Wengi wanaoshindwa huanza kwa kuruka oili, kwa sababu ndiyo gharama pekee inayokubali kusubiri. Inasubiri miezi mitatu, halafu pistoni inakula silinda, chombo kinalala gereji wiki, na hesabu ya tajiri inaendelea kusoma.

Kuna jambo la Dodoma pekee ambalo mikataba huwa haina. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kwisha mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo nyumba za wageni zinajaa, wasaidizi na wafuatiliaji wa kila aina wako mjini, na kijiwe cha Area D au Kisasa hakina muda wa kukaa. Baada ya hapo Bunge linaahirishwa, na wanafunzi nao wanaondoka likizo ndefu. Anayesaini mkataba Mei kwa mapato ya Mei anaumia Agosti. Kadiria kwa mwezi mkavu. Kama tajiri ana busara, mnaweza kuandika viwango viwili: 15,000 miezi hiyo mitatu ya Bunge la Bajeti na 11,000 miezi mingine, na jumla ikabaki ile ile.

Na mkataba uandikwe. Uwe na jumla ya fedha kwa tarakimu na maneno, siyo "mwaka mmoja" tu. Useme siku za gereji zinasogezwa mbele au zinadaiwa. Useme nani analipa bima, nani analipa gharama za kuhamisha umiliki TRA, na kadi itatolewa lini baada ya malipo ya mwisho, kwa kuwa kadi iko kwa jina la tajiri na bila hiyo huna pikipiki, una stakabadhi. Lipa kwa simu ili meseji ibaki kuwa ushahidi. Ukilipa mkononi, daftari ziwe mbili na zisainiwe siku hiyo hiyo. Shahidi awe mwenyekiti wa mtaa au mwanasheria, asiwe rafiki wa tajiri. Ukimpa deiwaka, dereva wa kukushikia, chombo jioni, mkataba uwe unaruhusu. Akianguka nacho wakati hauruhusu, deni lote ni lako.

Kutoka kwenye hesabu ya siku, hatua ya pili ni mkopo wa siku. Mitaani unaitwa kausha damu, na walioupachika jina hilo walijua walichosema. Mama wa genge anakopa 200,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 190,000. Atalipa 8,000 kila siku kwa siku 30, jumla 240,000. Anaambiwa riba ni asilimia 20. Siyo kweli. Siku ya kumi na tano ameshalipa 120,000, kwa hiyo hana tena laki mbili mkononi, ana kama nusu. Ukipiga hesabu ya fedha aliyokaa nayo kweli, siku kwa siku, gharama inafika karibu asilimia 47 kwa mwezi. Kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, zinaweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Weka namba hizo mbili pamoja uone.

Genge haliwezi kuubeba mkopo huo. Ili kulipa 8,000 kwa siku na kubaki salama, genge la nyanya na vitunguu linatakiwa litoe faida ya 8,000 juu ya chakula cha watoto na nauli, bila siku ya mvua, bila msiba. Siku ya tano mambo yakikwama, anakopa kwingine kulipia hapa. Hapo mtaji umekwisha kugeuka rejesho. Kabla ya kuchukua fedha uliza maswali matatu: leseni iko wapi, nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha jumla ngapi. Anayeficha hata moja, ondoka. Mikopo ya kwenye simu nayo ina mitego yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Dalili ya wazi ni programu inayodai kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako kabla haijakukopesha. Majina hayo ndiyo dhamana: ukichelewa siku moja, bosi wako, mchungaji na mkweo watatumiwa meseji.

VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinabaki kuwa jibu bora kwa mwenye kipato cha siku, lakini navyo huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Kikundi cha watu 25 wanaonunua hisa kila wiki, hisa moja 2,000, kila mtu hisa moja hadi tano, kinakusanya fedha nzuri. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Fedha inahesabiwa kwa sauti na kila mwanachama anakumbuka salio la mwisho. Tatizo huja mwisho wa mzunguko. Mkopo ukiwa wa miezi mitatu, basi kutoka wiki ya 40 kikundi kisikopeshe tena, kwa sababu wiki ya 52 ni kugawana. Vikundi vinavyoendelea kukopesha Novemba "kwa kuwa Krismasi imekaribia" ndivyo vinavyogawana madeni badala ya fedha. Simamieni tarehe hiyo hata anayelia ni mwenyekiti.

Ununuzi wa nguo na vifaa umehamia kwa mawinga. Winga anakaa Kariakoo, anapiga picha dukani, anaweka kwenye status, mtu wa Ilazo anachagua, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi na kesho unachukuliwa stendi ya Nanenane. Duka la mjini Dodoma linakuwa la kujaribia kiatu tu. Omba video fupi ya bidhaa yenyewe, siyo picha, na mpigie winga wakati yuko dukani. Saizi peleka kwa sentimita za futi kamba, maana "L" ya kiwanda hiki siyo ya kile. Mzigo ukishakatiwa, winga akutumie picha ya stakabadhi ya kifurushi, namba ya usajili ya basi na namba ya ofisi ya mizigo, siyo namba ya kondakta tu, kwa kuwa kondakta hubadilishwa njiani. Salio lilipwe baada ya picha hiyo. Na jumlisha usafirishaji kabla ya kufurahia bei: shati la 15,000 likilipiwa 5,000 ya basi na 2,000 ya boda kutoka stendi ni shati la 22,000.

Starehe nazo zinalipwa kwa siku sasa, na hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye gesi na mafuta. Kibanda umiza kilikuwa mahali pa kutazama mpira. Leo nusu ya waliokaa hawatazami timu, wanatazama mkeka, ile tiketi ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja. Chukua mkeka wa mechi nane, kila moja odi (kizidisho cha malipo) 1.5. Ukizidisha, unalipwa mara 25.6. Elfu moja inaleta 25,600, na macho yanaishia hapo. Lakini kampuni haiwezi kuweka odi bila kuacha chake. Ikijiachia asilimia tano tu kwenye kila mechi, uwezekano wa kweli wa mechi moja kutiki ni kama asilimia 63, na wa zote nane kutiki pamoja ni chini kidogo ya asilimia 2.6, yaani mara moja katika mikeka 39. Umetoa 39,000, umerudishiwa 25,600. Kadiri unavyoongeza mechi ndivyo ile asilimia tano inavyojizidisha yenyewe, ndiyo maana bonasi hutolewa kwa mikeka mirefu. Mkeka kuchanika kwa mechi moja siyo bahati mbaya, ndivyo hesabu ilivyopangwa. Anayechana mkeka wa 1,000 kila siku ya kazi anatoa 312,000 kwa mwaka, karibu mtaji wa genge.

Bando nitalipita haraka. Gawanya shilingi kwa MB, ulinganishe la siku na la wiki, na zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaojiendesha wenyewe. Video ya 360p hula kama MB 300 kwa saa, ya 720p inafika GB moja na kupita.

Treni ya SGR imebadilisha wikiendi ya mji kuliko kitu kingine chochote. Tangu safari za Dar es Salaam na Dodoma zilipoanza Julai 25, 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa 31,000 na mwendo wa saa tatu na nusu hivi, mtumishi ambaye familia yake imebaki Dar anaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Fedha aliyokuwa akiitumia hapa Jumamosi anaitumia kule. Wenye baa na saluni za Area C wanaotegemea wikiendi wanapaswa kuhamishia nguvu Jumatano na Alhamisi, siku ambazo wateja wao wako mjini.

Waliobaki wana mnada wa Msalato. Jumamosi mnadani mbuzi wapo, majiko yapo, na kundi la watu wanane linaweza kula vizuri bila kukopa, likinunua mbuzi mzima badala ya kilo za mchomaji. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa kilo 11 hadi 12 za nyama na mifupa, kwa hiyo gawa bei ya mbuzi kwa 11, kisha linganisha na bei ya kilo jikoni. Mshike mgongoni kabla ya kupatana: mifupa ya uti ikichoma vidole, huyo ni ngozi na tumbo. Fika kabla ya saa nne, maana mchana wafanyabiashara wa jumla wameshabeba walionona. Ada ya kuchinja, ya kuchoma na nani anachukua ngozi na kichwa mkubaliane kabla kisu hakijashuka.